Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Nilipokabidhiwa somo la mazingira katika chuo cha ualimu pale Iringa, kilichonisumbua kwanza ni kwamba wanafunzi wangu walikuwa wanajua majibu yote. Ukiuliza athari za mabadiliko ya tabianchi, mikono inapanda darasa zima: ukame, mafuriko, joto kuongezeka, barafu kuyeyuka. Wanayataja kwa mfuatano kama watoto wanaotaja miezi ya mwaka. Ukiuliza tufanye nini, wanasema tupande miti, halafu wanafunga madaftari na kuangalia saa. Mtihani ukija wanafaulu vizuri.

Mimi nilizaliwa Mbeya, na mama yangu bado anaishi pale, kwenye mtaa ulio chini ya mlima. Miaka hiyo kila nilipokwenda likizo nilikuta jambo jipya. Mara moja nilikuta ametundika neti juu ya kitanda. Utotoni mwetu mbu tulimsikia kwa watu waliotoka Kyela, kule chini kwenye joto. Sisi tulilala na blanketi mbili na hatukujua neti ni kitu gani. Nikamuuliza, "Mama, na wewe umeanza kulala na neti?" Akanijibu, "Mwanangu, baridi yetu imekwenda wapi? Wewe si ndiye unayefundisha mambo hayo? Basi niambie." Nilimwambia yale ya kwenye vitabu. Nilirudi Iringa na swali lake kichwani, nikaingia darasani, nikakuta mikono imenyooshwa: ukame, mafuriko, joto. Nikawauliza swali la mama: baridi imekwenda wapi?

"Madam, hili nalo litatoka kwenye mtihani?" aliniuliza kijana mmoja aliyependa kukaa mbele. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Mbeya mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kijana mcheshi, msemaji, shati lake siku zote limepigwa pasi. Hakuuliza kwa dharau. Alitaka tu kujua.

Nikawaambia wafunge madaftari. "Leo jioni kila mtu apige simu nyumbani," nikasema. "Amuulize mtu mzima yeyote: ni kitu gani kilikuwepo ulipokuwa mdogo, na sasa hakipo? Kesho mje mniambie."

Kesho yake hakuna aliyefungua daftari. Mmoja aliyetoka Makete alisema bibi yake anakumbuka asubuhi za kukuta maji yameganda kwenye ndoo nje ya nyumba, na siku hizi anaziona mara chache sana. Mwingine akasema baba yake alimwambia, "Zamani tulikuwa tunapanda mahindi tukijua. Sasa hivi tunapanda tukibahatisha." Niliona wenzake wanatikisa vichwa. Hata wao walikuwa wamewahi kusikia maneno ya namna hiyo nyumbani, ila hawakuwahi kudhani kwamba ndiyo yale yale ya kwenye somo.

Halafu akasimama binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, amejitanda kitenge mabegani kwa ajili ya upepo wa Iringa ambao huwa hauna adabu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kijiji chao kipo mbele ya Kalenga, na yeye ndiye mtoto wa kwanza katika familia yao kufika chuo.

"Kwetu ni chemchemi," akasema. "Ipo, lakini imebaki kama mate."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Mama anakinga maji kwa kikombe," akaendelea. "Anakaa pale chini na kikombe mpaka ndoo ijae. Wakifika akina mama wengine, wanapanga foleni."

"Kwa nini imekauka?" nikamuuliza.

"Mvua zinachelewa kuanza na zinawahi kuisha. Na pale juu kuna mikaratusi. Inakunywa kile kidogo kinachobaki."

"Mikaratusi ya nani?"

Akavuta kitenge chake. "Ya baba."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Muda si mrefu chuo kikapata ugeni na miche. Ilikuwa ni siku ya kupanda miti. Fulana zilishonwa, mgeni rasmi akaalikwa, na mashimo yakachimbwa kwenye bonde dogo nyuma ya mabweni ambako kijito hupita. Miche iliposhushwa kwenye gari, yule binti akanifuata nyuma ya jengo la utawala.

"Madam, ile ni mikaratusi," akasema.

"Nimeiona."

"Tunakwenda kuipanda juu ya maji?"

Nilimpeleka kwa mwenzangu wa kilimo, naye akakubali kwamba mkaratusi haupaswi kukaa karibu na chanzo cha maji. Tukaenda kwa mkuu wa chuo. Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mgeni rasmi njiani na wapiga picha wameshafika. Alisema ipandwe leo, itahamishwa baadaye. Ikapandwa, picha zikapigwa, mgeni akaondoka. Hakuna aliyeihamisha, na hakuna aliyeimwagilia. Kiangazi kilipokolea ikafa karibu yote, na sijui kama nilipaswa kusikitika au kufurahi.

Lakini kitu kilikuwa kimeamka. Wanafunzi kadhaa, yule kijana wa Mbeya akiwa msemaji wao, wakaanzisha klabu ya mazingira. Hawakutaka fulana. Walitaka kwenda kuona kitu chenyewe, wakachagua kwenda kuiona ile chemchemi. Binti alikubali, ingawa nakumbuka alichelewa kujibu. Alisema tu, "Mje kwa heshima. Baba si mtu wa kufundishwa."

Tulikwenda mwisho wa kiangazi, kwa basi la chuo. Tulipita Kalenga, wengine wakaomba tusimame kwenye makumbusho, nikawaambia turudipo. Baada ya hapo barabara ilikuwa vumbi jekundu na mashamba yaliyokwisha kulimwa yakisubiri mvua. Nyumbani kwao tulipokelewa vizuri sana. Mama yake alitupikia ugali na mboga za majani na maharage, akatunawisha mikono mmoja mmoja, akimimina maji kwa kipimo, kidogo kidogo kama dawa. Nadhani kila mmoja wetu aliliona hilo, hakuna aliyelitaja.

Baba yake alikuwa mtu mrefu, mkavu, mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri. Alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mwalimu," akanishika mkono kwa mikono miwili. Kisha yeye mwenyewe akatuongoza kwenda kwenye mikaratusi. Alikuwa anajivunia miti ile, na kwa kweli ilikuwa mizuri: imenyooka, imepangwa kwa mistari, magome yakiambuka na kuacha shina laini la rangi ya maziwa. Aliipanda binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Alitueleza kwamba imebakiza miaka michache kufikia unene wa nguzo za umeme, na nguzo ndizo zenye bei. Ikikatwa kabla ya hapo ni kuni tu.

Chini ya miti, kwenye kibonde, ndipo ilipokuwa chemchemi. Mawe yalikuwa yamezungushwa na watu wa zamani, yakionesha ukubwa wake wa awali, na katikati ya duara lile kubwa palikuwa na unyevu kiasi cha sahani. Tulisimama tukipaangalia.

Kijana wetu wa Mbeya hakuweza kujizuia. "Mzee wangu, shikamoo. Samahani, lakini miti hii ndiyo adui wa maji haya."

"Marahaba." Baba akamgeukia taratibu. "Miti hii ilikuwepo na maji yalikuwepo. Binti huyu amekunywa maji hapa miti ikiwa imeshanizidi urefu. Kilichoondoka ni mvua. Sasa niambie, mvua nimeiondoa mimi?"

"Hapana, mzee, ila mvua ikipungua, miti inachukua kile..."

"Mwanangu alinieleza mambo ya moshi. Moshi wa viwanda, moshi wa magari, wa nchi za mbali. Mimi sina hata pikipiki." Akanyoosha kidole kwa mbali, kwenye basi letu. "Nyinyi mmekuja na lile."

Wanafunzi wakaangalia chini. Nikataka kusema neno, lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Kijana, wewe ada yako analipa nani?"

"Baba."

"Anafanya kazi gani?"

"Ana duka Mbeya. Anauza saruji, mabati, nondo."

"Basi mwambie baba yako afunge duka kesho, kwa ajili ya maji. Akifunga, nipigie simu. Na mimi siku hiyo hiyo nitaleta shoka." Hakusema kwa hasira. Alimwekea mkono begani kijana wa watu, kama mtu anayemsaidia kushuka ngazi. "Hii miti ni huyu hapa," akasema, akimwonesha binti yake. "Amesoma sekondari kwa matawi yake. Atamaliza chuo kwa mashina yake."

Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa duara la mawe, karibu na mama yake. Mama yake alikuwa ameshika kikombe mkononi, na alikishika muda wote tuliokuwa pale.

Kwenye makumbusho hatukusimama. Hakuna aliyekumbushia.

Wiki iliyofuata klabu ilibishana vikali. Wapo waliosema twende serikali ya kijiji, sheria ipo, miti karibu na chanzo cha maji hairuhusiwi, mzee ataamriwa aikate. Binti akasimama. "Msimshitaki baba yangu," akasema. "Mkimshitaki, mimi sitakuja tena kwenye klabu hii." Kijana wa Mbeya, ambaye tangu kule kijijini alikuwa amepungua maneno, ndiye aliyemuunga mkono. Tukakubaliana tusubiri, tumtafute mtaalamu wa misitu, tuone kama mzee anaweza kupewa miche ya matunda au ya miti rafiki wa maji, akavuna mikaratusi yake polepole. Niliona ni uamuzi wa watu wazima. Nilirudi ofisini nimeridhika nao, nikiamini kwamba hatimaye darasa langu limejifunza kitu ambacho hakimo kwenye mtihani.

Mvua hazikuja kwa wakati wake. Tuliingia Novemba na vumbi. Binti akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mwisho wa wiki, akaenda, akarudi. Darasani alikuwa kama kawaida, ila niliona kiganja chake cha kulia kina malengelenge yaliyopasuka. Nilidhani amelima.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Nilimkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha wageni, amevaa koti lake la kanisani, kofia iko magotini. Hakunisalimia Kamwene.

"Mwalimu," akasema, "niliwapokea kwangu. Mlikula kwangu. Kwa nini wanafunzi wako wamekuja kuniulia miti?"

Ikaelezwa. Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, mtu alikuwa ameingia kwenye mikaratusi na panga, akachuna magome kuzunguka kila shina, mkanda mpana, mti hadi mti. Mti uliochunwa hivyo haudondoki. Unabaki umesimama na majani yake, kisha unaanza kufa kutokea juu. Mzee alikuwa ameikuta jioni, utomvu unatoka. Alisema kwa mara ya kwanza maishani mwake alishindwa kula.

Mkuu akawaita viongozi wote wa klabu. Walipanga mstari mbele ya meza, na yule kijana wa Mbeya alikuwa amepauka. "Mzee, wallahi, hatujafanya sisi," akasema. "Tulikubaliana tusubiri. Madam ni shahidi." Mkuu akasema kama hakuna anayesema ukweli basi polisi wataitwa, maana ile ni mali ya mtu.

Hapo ndipo mlango uligongwa. Binti aliingia, kitenge mabegani, akapiga goti mbele ya baba yake kama wafanyavyo mabinti wa kwao wanaposalimia, na hakuinuka.

"Baba," akasema. "Wasipigwe wala wasiitiwe polisi. Ni mimi."

Mzee alimwangalia kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Nilisema naumwa, nikabaki nyumbani," akaendelea. "Nilichukua panga lako."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Huyu mwalimu?"

"Hapana, baba. Mama alianguka na ndoo. Hakukuambia. Alikwenda bonde la pili kutafuta maji akateleza kwenye mawe, mkono ukavimba, akaufunga na khanga akakwambia ni baridi. Mimi nilimkuta." Alikuwa analia sasa, lakini maneno yalitoka yamenyooka. "Kila nikisoma hapa, najua nasoma kwa maji ya mama."

Nje wanafunzi walikuwa wanacheza mpira wa wavu, tukawa tunasikia mpira unavyopigwa. Mzee alivaa kofia yake, akaivua tena akikumbuka yuko ndani. Nilidhani atampiga, au atamwinua. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Basi umejikata mwenyewe," akasema mwishowe. "Mimi sina mti mwingine." Akamuaga mkuu, akaniaga mimi kwa kichwa, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anavuka uwanja wa mpira wa wavu bila kuona kwamba anavuka uwanja. Vijana walishika mpira wao, wakamsubiri apite.

Klabu ilisimamishwa. Hakuna aliyeadhibiwa, kwa kuwa mzee hakutaka kumshitaki mtoto wake. Nilijaribu njia nilizozijua: nilizungumza na wenzangu, nilikwenda ofisi ya mikopo ya chuo, niliuliza usharika. Kote walisikitika kwa dhati. Kabla ya Krismasi binti akaandika kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, akaenda Mbeya kwa shangazi yake anayeuza mchele sokoni. Siku anaondoka nilimsindikiza stendi. Nilitaka kumwambia jambo la kumtia moyo, na kila lililonijia lilikuwa limeshasemwa darasani. Nikamnunulia maji na mkate. Alishukuru, akapanda basi.

Nikaendelea kufundisha. Niseme ukweli, ilikuwa shida. Nilipowauliza wanafunzi wapya tufanye nini, na wao wakajibu tupande miti, nilijikuta sina haraka ya kuwasukuma mbele zaidi. Nilikuwa naangalia sura zao, nikijiuliza ni yupi kati yao atakayeyabeba maneno yangu mpaka nyumbani kwao, na nyumbani kwao pana nini. Mtu wa mjini akichukua hatua, anabadilisha mfuko wa plastiki. Mtoto wa mkulima akichukua hatua, anagusa chungu cha mama yake. Hilo halikuwa kwenye mtaala.

Katikati ya mwaka kijana wetu wa Mbeya akachaguliwa kwenda kwenye mkutano wa vijana kuhusu tabianchi, Dodoma. Video ya hotuba yake ilitufikia kwenye simu. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisimulia habari za "mwenzetu mmoja, binti jasiri, aliyechukua panga kuokoa chemchemi ya mama yake," na ukumbi ukasimama ukapiga makofi. Wakufunzi wenzangu walinipongeza. Niliiangalia mara moja tu.

Septemba nilipangiwa kukagua wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na shule mojawapo ilikuwa jirani na kijiji kile. Nilipomaliza kazi nilipiga moyo konde nikaenda kwa yule mzee. Nilikuta kilima kiko wazi. Mikaratusi ilikuwa imekatwa. Wachoma matofali walikuwa wameinunua yote kama kuni, na kando ya barabara nilikuwa nimepita matanuri yao yakifuka moshi bila kujua ni moshi wa nini. Mama yake alinipokea kwa furaha, mkono wake umepona ila haunyooki sawasawa. Mzee alikuwa kule juu. Nikamfuata.

Alikuwa ameinama kwenye visiki. Mkaratusi ukiukata haufi kirahisi. Chini ya kisiki huchipuka tena, machipukizi mengi kwa pamoja, na ukiyaacha utapata msitu mwingine. Mzee alikuwa anayabambua kwa mkono, kisiki kimoja hadi kingine, anayarundika pembeni. Alipoona ninatazama, akasimama na kujifuta.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene, mwalimu." Akaonesha machipukizi kwa kidole. "Ukiyaacha haya, baada ya miaka ni nguzo."

"Nafahamu."

"Basi nayatoa."

Tukashuka mpaka kwenye chemchemi. Ndani ya duara la mawe palikuwa na maji, siyo mengi, lakini uliweza kuzamisha kata. Nilitaka kufurahi. Mzee akaniwahi.

"Mwaka huu mvua za mwisho zilikuwa nzuri," akasema. "Inaweza kuwa ni hizo. Inaweza kuwa ni miti. Mimi sijui, na wewe hujui. Tuone mwakani." Kisha akauliza, akiangalia maji, "Huyo mtoto hajambo?"

"Hamzungumzi kwa simu?"

"Anazungumza na mama yake."

Mwezi huo huo nilikwenda Mbeya kumwona mama yangu, na nikapitia sokoni. Nilimkuta binti nyuma ya magunia ya mchele, amekonda kidogo, anapima kwa kopo na kujaza kwa mkono wa mwisho ule wa nyongeza ambao wateja huudai. Shangazi yake alinipa kigoda. Tulizungumza mambo ya chuo, nani kamaliza, nani kapangiwa wapi.

"Niliiona video," akasema ghafla.

"Ulimwonaje?"

"Alisema vizuri. Walipiga makofi sana." Alisawazisha mchele kwenye gunia kwa kiganja. "Hakusema kama nimeacha chuo."

"Hapana. Hakusema."

"Alikuja hapa kunisalimia alipokuwa likizo. Akasema alitaka kusema, akaona ataharibu hotuba." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Akanunua mchele mwingi mpaka shangazi akadhani anataka kunioa."

Nikamwambia nimetoka kwao. Nilimweleza mkono wa mama yake, maji kwenye duara la mawe, na kilima kilichobaki wazi. Nilipofika kwenye visiki, aliacha kupima.

"Nani anabambua machipukizi?"

"Baba yako. Kwa mikono yake."

Aligeuka akawa anafunga gunia ambalo halikuhitaji kufungwa. Mteja akaja, akauliza bei, shangazi akamjibu. Binti akasema, bila kugeuka, "Angeweza kuyaacha."

"Ndiyo."

"Mimi nisingeweza kumzuia tena."

Sikumwambia yale mashaka ya mzee, kwamba huenda ni mvua tu. Nilifika mpaka kwenye kona ya soko, nikaona si haki, nikarudi nikamwambia. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Nilishafikiri hivyo," akasema. "Kila siku nafikiri hivyo. Inawezekana niliiua bure."

Nilikuwa mwalimu wake wa somo lile, nikamsaidia kufunga mdomo wa gunia.

Chuo kilifunguliwa na jina lake likaitwa bila mwenyewe kuwepo. Mwaka wa kuahirisha ulikuwa umekwisha, na mkuu akanikumbusha kwa upole kwamba nafasi haiwezi kusubiri. Nilimpigia simu binti, haikupokelewa. Nilimpigia tena siku nyingine, shangazi akapokea akasema ameondoka pale, amekwenda nyumbani, na hajui kama atarudi Mbeya au vipi.

Wiki ya pili ya masomo, asubuhi moja yenye ukungu, mlinzi akaniita getini. Walikuwa wamesimama wote wawili na sanduku la bati katikati yao, binti kwenye kitenge chake, baba kwenye koti la kanisani. Binti akanisalimia, akashika upande mmoja wa sanduku, rafiki zake wa zamani wakaja mbio wakashika upande mwingine, wakaenda nalo mabwenini. Nilijua fedha ya ada ilitoka wapi: ni ya matanuri ya matofali, na ingetosha mwaka huu tu. Mwaka unaofuata hakuna aliyejua.

Mzee hakuondoka mara moja. Alikuwa anawatazama vijana wakipita kwenda madarasani na vitabu vyao.

"Mwalimu," akasema, "mwaka huu nao mtawafundisha nini?"

"Yale yale, mzee," nikasema. "Ndiyo kazi yangu."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Basi waambie na sehemu yangu," akasema, akanipa mkono, akaelekea stendi.

Saa ileile nilikuwa na kipindi. Niliingia darasani nikakuta wapya wameshakaa, na nilipouliza swali la kwanza mikono ikapanda.